Meno Sita Yaliyounguza Mota

Harufu ya vanishi, ile ngozi nyembamba inayofunika nyaya, ikiungua ndani ya mota, ukiinusa mara moja hutaisahau. Mwanzoni ina utamu kidogo, kama plastiki mpya iliyoachwa juani, kisha inageuka kali na kukung'ang'ania puani hadi jioni. Mimi niliinusa nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi, gari langu la rimoti limelala ubavu mbele yangu, na kidole nimekwisha kukirudisha kwa haraka baada ya kugusa mota. Dakika sita tu zilikuwa zimepita tangu nichomeke betri. Gari lile lile, mota ile ile na betri ile ile vilikuwa vimenihudumia miezi kadhaa bila shida. Kilichobadilika ni kitu kimoja: usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeng'oa pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 18 nikaweka ya meno 24, kwa sababu nilitaka mbio.

Nimekaa na hayo meno sita kwa muda mrefu tangu wakati huo. Nimeona wenzangu wengi wakipoteza mota kwa njia ile ile, kisha wanailaumu mota yenyewe, au betri, au jua la siku hiyo. Mara nyingi mkosaji ni gia. Na inaniuma zaidi kwa kuwa gia ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote kubadilisha: skrubu moja ndogo, skrubu mbili za kushikilia mota, dakika kumi za kazi.

Kwa yule ambaye hajawahi kufungua gari lake, mpangilio ni huu. Mota haizungushi magurudumu moja kwa moja. Kwenye shafti yake kuna gia ndogo ya chuma, hiyo ndiyo pinioni. Pinioni inaumana na gia kubwa, ambayo kwa kawaida ni ya plastiki, na gia kubwa inaupeleka mzunguko ndani ya gari hadi kwenye difu na ekseli. Huko ndani kuna upunguzaji mwingine, na huo kwa magari mengi umeshapangwa kiwandani, huugusi. Gawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni, zidisha kwa uwiano wa ndani, na unachopata ni uwiano wa mwisho, yaani mota inazunguka mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Chukua Tamiya TT-02, gari ambalo limewafundisha watu wengi mchezo huu: gia kubwa ina meno 70, pinioni inayokuja nayo ina meno 22, na uwiano wa ndani ni 2.6. Sabini kwa 22 ni 3.18, mara 2.6 ni 8.27. Mota inazunguka mara nane na robo, tairi mara moja.

Gari langu lilikuwa na gia kubwa ya meno 72 na uwiano wa ndani huo huo wa 2.6. Kwa pinioni ya meno 18 uwiano wa mwisho ulikuwa 10.4. Kwa meno 24 ukashuka hadi 7.8. Mota yangu haikuwa na brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ya kV 3300, maana yake kila volti moja inaipa mizunguko 3,300 kwa dakika ikiwa haina mzigo wowote. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili ni volti 7.4, hivyo mota ingeweza kufika mizunguko 24,420 kwa dakika. Tairi lilikuwa na kipenyo cha milimita 85, ambacho kinatoa mzingo wa milimita 267. Ukifanya hesabu hadi mwisho, pinioni ya 18 inakupa kama kilomita 38 kwa saa, na ya 24 inakupa kilomita 50 kwa saa.

Hiyo 50 ndiyo iliyonishika. Sikujiuliza swali ambalo leo najiuliza kabla ya kugusa skrubu yoyote: hiyo kasi nitaifikia wapi?

Uwanja niliokuwa nacheza ulikuwa wa nyasi, na sehemu yake ndefu kabisa ilikuwa hatua arobaini hivi kabla ya kona. Kwa nafasi kama hiyo, kwenye nyasi, gari halifiki kilomita 50 hata likisukumwa na upepo. Linafika labda 30, linapunguza kwa ajili ya kona, linaanza upya. Kwa hiyo nilibeba gia ya kasi ambayo gari halikuigusa hata mara moja, na mota ikalipia.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ukipaelewa hapa, mengine yote yanafuata yenyewe.

Mota ya umeme inayozunguka inazalisha volti yake yenyewe inayopingana na ile ya betri. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo upinzani huo unavyokua, na ndivyo umeme unaopita kwenye nyaya zake unavyopungua. Ikiwa imesimama kabisa, hakuna upinzani huo. Kinachozuia umeme ni nyaya, betri na kidhibiti mwendo (kifaa kinachoipimia mota umeme kulingana na triga ya rimoti) peke yake, na ampea zinafurika. Ndiyo maana gari lililokwama kwenye kizuizi huku umeshika triga linaunguza mota kwa sekunde chache tu.

Kuna kanuni moja nyepesi inayotoka hapo, nami naiona kuwa yenye faida kuliko zote katika mchezo huu. Ukiwa umevuta triga hadi mwisho, sehemu ya umeme inayogeuka kuwa mwendo haiwezi kuzidi sehemu ya kasi ambayo mota imeifikia. Mota inayozunguka kwa asilimia 50 ya kasi yake ya bila mzigo inageuza angalau nusu ya umeme wote kuwa joto. Ikifika asilimia 80, joto linashuka hadi karibu asilimia 20. Sasa rudi uwanjani kwangu. Gari linakwenda kilomita 30 kwa saa. Kwa pinioni ya meno 24, yenye uwezo wa 50, mota imefika asilimia 60 tu, na asilimia 40 ya umeme inaishia kuwa joto. Kwa pinioni ya 18, yenye uwezo wa 38, mwendo huo huo umeifikisha mota karibu asilimia 80. Gari linaonekana kwenda sawa kwa nje, lakini ndani ya kopo la mota ni hali mbili tofauti kabisa.

Kuna njia ya pili ya kuliona jambo hili hili. Nguvu ya kusokota ambayo mota inatoa inafuata ampea: ukitaka msokoto mara mbili, unalipa ampea mara mbili. Lakini joto la kwenye nyaya halifuati ampea, linafuata ampea zikizidishwa kwa ampea. Tuseme mota yenye upinzani wa omu 0.015. Kwa ampea 20 inatoa joto la wati 6. Kwa ampea 40, wati 24. Kwa ampea 60, wati 54, na hicho ni karibu kile kile kinachotoka kwenye chuma cha kulehemu cha wati 60, isipokuwa safari hii chuma kimefungiwa ndani ya kopo pamoja na sumaku na hakina pa kupumulia. Kutoka pinioni ya 18 hadi ya 24, ili gari livute vile vile, mota inahitaji ampea theluthi moja zaidi. Theluthi moja inasikika ndogo. Kwenye joto inakuwa asilimia 78 zaidi.

Madereva wa magari makubwa wanalijua hili kwa miguu yao. Kupandisha mlima kwa namba nne, injini inanguruma kwa tabu, gari linatetemeka, unashusha namba tatu na kila kitu kinapumua. Tofauti ni kwamba injini inalalamika kwa sauti na mwisho inazima. Mota ya umeme haizimi. Inaendelea kuvuta kwa utii hadi vanishi ya nyaya iyeyuke.

Na joto lenyewe huzaa joto. Shaba ikipata moto upinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Nyaya zikitoka nyuzi 25 hadi 105, upinzani umeongezeka kwa asilimia 31, na kwa ampea zile zile joto linaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Wakati huo huo sumaku za neodimiamu zinalegea kadiri zinavyopata moto, kiasi cha kama asilimia moja kwa kila nyuzi kumi, na sumaku ikilegea mota inahitaji ampea zaidi kutoa msokoto ule ule. Mambo mawili yanasukuma upande mmoja. Ndiyo sababu mota inaweza kukaa nyuzi 60 kwa dakika kadhaa ukadhani imetulia, kisha ukazidisha mzigo kidogo na ikakimbia hadi 100 kabla hujageuza shingo.

Sumaku zina mpaka ambao ukivukwa hakuna kurudi. Zile za daraja la kawaida zinaanza kupoteza usumaku wao moja kwa moja zikizidi nyuzi 80. Za daraja la juu zinahimili 120, nyingine 150, lakini si rahisi kujua mota yako imewekewa zipi. Kuna dalili ambayo ningependa kila mtu aijue: mota ambayo sumaku zake zimechoka inazunguka kwa kasi zaidi ikiwa hewani, si polepole. Ukiinua gari na kuvuta triga inalia vizuri kuliko zamani, na mwenye gari anafurahi. Akiliweka chini halivuti, na linachemka upesi kuliko mwanzo. Mota ya namna hiyo imekwisha, hata kama hakuna harufu iliyotoka. Ile yangu ilipata yote mawili, vanishi na sumaku.

Baada ya hapo niliamua kuanza upya, na safari hii nikamweka kipimajoto kuwa mwamuzi. Ninachofanya sasa sikukibuni mimi, wazoefu wa mchezo wanakifanya, lakini nitakieleza jinsi mimi ninavyokifanya kwa kuwa madogo madogo yake ndiyo yenye kazi.

Naanza na pinioni ndogo kuliko ninayodhani nitaishia nayo. Nacheza dakika tatu, kwa namna ninayocheza siku zote na mahali ninapocheza siku zote. Nasimama, napima. Ikiwa mota iko chini ya nyuzi 50, naendelea hadi betri iishe, nikipima kila baada ya dakika tatu au nne. Betri ikimalizika na mota haijafika 60, ninayo nafasi ya kuongeza jino moja. Si mawili, si manne. Mota ikipita 70 kabla betri haijafika nusu, napunguza, na sijadiliani nayo. Mpaka wangu wa mwisho ni 75. Najua wapo wanaokwenda hadi 80 na zaidi, na magari yao yanakimbia, lakini mimi nataka mota ile ile niwe nayo mwaka kesho.

Kupima kwenyewe kuna mtego. Kipimajoto cha kumulika, kile cha kufyatua kama bastola, husoma vibaya kwenye alumini inayong'aa. Kopo la mota linalometameta linaweza kukuonyesha nyuzi nyingi pungufu kuliko joto halisi, kwa sababu chuma kinachong'aa hakitoi mionzi ya joto sawasawa na kitu cheusi. Nabandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye kopo na namulika hapo hapo kila mara. Mtego wa pili: ukisimamisha gari, joto la nje la mota bado linapanda kwa dakika moja au mbili. Nyaya zilizo ndani ni za moto kuliko kopo, na upepo uliokuwa unalipoza umekoma. Kwa hiyo napima mara tu ninaposimama, kisha napima tena baada ya dakika mbili, na namba kubwa kati ya hizo mbili ndiyo naiandika. Anayepima mara moja na kuondoka anajidanganya kwa nyuzi kadhaa, na nyuzi hizo kadhaa ndizo zilizobaki kati yake na vanishi.

Asiye na kipimajoto bado ana kidole. Chuma cha nyuzi 60 hivi huwezi kukishikilia zaidi ya sekunde chache. Ukiweza kutulia na kidole hadi ukahesabu tano, uko salama. Ukikiondoa kabla ya kuhesabu mbili, punguza meno. Gusa kwa uangalifu lakini, na usiguse mota ambayo umeshaanza kuinusa.

Joto la siku nalo huingia kwenye hesabu. Gia inayofikisha mota nyuzi 62 asubuhi yenye baridi ya nyuzi 15 imepandisha joto kwa 47. Mchana wa nyuzi 33, kupanda kule kule kunakufikisha 80. Gari halijabadilika, wewe hujabadilika, ila hewa tu. Ndiyo maana ninaandika joto la nje kando ya joto la mota, na msimu wa jua ukifika natoa jino moja hata kabla ya kupima.

Sasa kuhusu matairi, ambayo watu hubadilisha bila kuwaza gia hata kidogo. Tairi ni gia pia. Ni gia ya mwisho kabisa, ile inayoumana na ardhi. Nilipotoa yale ya milimita 85 na kuweka ya milimita 110 kwa ajili ya nyasi ndefu, nilikuwa nimeifanya gia kuwa nzito zaidi kwa asilimia 29, kama vile nimeongeza meno ya pinioni, bila kugusa pinioni yenyewe. Ili mota isione tofauti, uwiano wa mwisho wa 7.8 ungehitaji kwenda 10.1 hivi, yaani pinioni ya 24 ingepaswa kuwa ya 18 au 19. Meno matano au sita, yote yameliwa na matairi! Zaidi ya hapo tairi kubwa ni zito na linatanuka likizunguka kwa kasi, kwa hiyo naona ni afadhali kushuka jino moja zaidi ya hesabu inavyodai. Wanaoshindana kwenye lami wanaliona jambo hili vizuri kuliko sisi wa nyasi: wao huhesabu gari linasogea milimita ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa mota, mzingo wa tairi ukigawanywa kwa uwiano wa mwisho, kwa kuwa tairi la sponji linapolika gia inakuwa nyepesi siku hadi siku na wanalazimika kuifidia.

Betri nayo. Mtu anatoka seli mbili kwenda seli tatu, volti 7.4 hadi 11.1, na pinioni inabaki pale pale. Kasi ya juu imepanda mara moja na nusu, lakini nguvu inayohitajika kuupasua upepo inafuata kasi ikizidishwa kwa kasi, kisha kwa kasi tena, kwa hiyo mara moja na nusu inakuwa mara 3.375. Mota haikupewa mwili mpya wa kubeba hayo. Watu wakiona inaungua wanasema seli tatu ni nyingi mno kwa gari hilo. Mimi sikubaliani. Seli tatu na pinioni ile ile ndizo nyingi mno. Shusha kutoka 24 hadi 16, na kasi ya juu inabaki ile ile uliyokuwa nayo kwa seli mbili, ila sasa mota inavuta kwa ampea theluthi mbili tu, na joto la kwenye nyaya linashuka hadi asilimia 44 ya lile la kwanza. Volti nyingi zikiambatana na gia nyepesi ni rafiki wa mota. Wengi hawaamini hadi wapime.

Lakini wepesi nao una mwisho, na hapa nitahadhari nisije nikamtuma mtu kwenye kosa la upande wa pili. Mota inayozunguka kwa kasi mno inachemsha chuma chake. Sumaku zikipita mbele ya chuma kilichobeba nyaya, kila mpito unazalisha vijito vya umeme ndani ya chuma hicho, na hasara hiyo inapanda haraka kuliko mizunguko. Ukipunguza jino na joto likashuka, uko upande sahihi. Ukipunguza jino na joto likabaki pale pale au likapanda, huku gari linafika kasi yake ya juu hatua chache tu baada ya kona na kuanza kulia tu, umepita. Ongeza meno. Kidhibiti mwendo nacho kinachoka zaidi ukikaa nusu triga muda wote kuliko ukivuta hadi mwisho na kuachia. Hata hivyo, kati ya mota zote zilizokufa ambazo nimezishika mkononi, sikumbuki hata moja iliyouawa na gia nyepesi.

Kabla ya kuihukumu gia, hakikisha gari lenyewe halijizuii. Chomoa pinioni, sukuma gari kwa mkono, sikiliza. Beringi iliyoingia mchanga, nyasi zilizojisokota kwenye ekseli, difu iliyokazwa kupita kiasi, breki ya kielektroniki inayokamata kila unapoachia triga: vyote hivi ni mzigo ambao mota inaubeba bila wewe kuuona. Nilikuta mara moja unywele mrefu umezunguka ndani ya beringi ya nyuma, umebana kama uzi wa cherehani. Nilipoutoa, joto lilishuka nyuzi tano bila kubadilisha hata jino.

Na maumano ya pinioni na gia kubwa. Zikibanana sana zinasagana na mota inalia kwa sauti ya juu. Zikiachana sana, gia ya plastiki inakatika meno. Kipande cha karatasi ya daftari kinatosha kupima. Kiingize kati ya gia mbili, sukuma mota hadi ibane karatasi, kaza skrubu, zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjika kama ngazi lakini haijachanika, umepatia. Rudia kipimo hicho kila unapobadilisha pinioni, kwa sababu kwa gia za pichi 48 (pichi ni kipimo cha ukubwa wa meno, na moduli ni kipimo kingine cha hicho hicho) jino moja linasogeza mota robo milimita. Na usichanganye saizi za meno. Moduli 0.6 na pichi 48 zinafanana machoni, zinakubali hata kuzungushwa kwa mkono, lakini zitatafunana mara tu mota itakapovuta.

Gia kubwa yenyewe inasaidia pale jino moja la pinioni linapokuwa hatua kubwa mno. Kutoka pinioni ya 18 hadi 19 ni karibu asilimia sita. Kutoka gia kubwa ya 72 hadi 71 ni asilimia moja na nusu tu. Ninapokuwa karibu na mpaka wangu, hapo ndipo ninapochezea gia kubwa.

Feni ninayo. Naipenda, imefungwa juu ya mota na inapuliza vizuri. Ila feni inaliondoa joto la kopo, na joto linazaliwa kwenye nyaya. Kati ya hapo na pale kuna safari. Feni ikikupunguzia nyuzi nane, zihesabu kama akiba ya siku ya jua. Ukizitumia kuongeza jino, umeishia pale pale ulipoanzia, na siku feni ikinasa jani huna tena akiba. Vivyo hivyo kwa mota zenye nafasi ya kusogeza muda wa umeme mbele, yaani nyaya zipewe umeme mapema kidogo: ukisogeza unapata mizunguko zaidi na joto zaidi, kwa hiyo toa jino kwanza, halafu sogeza.

Wenye mota za brashi, kama ile ya kopo la rangi ya fedha inayokuja na magari mengi ya kuanzia, wana sababu moja ya ziada ya kuwa wapole. Brashi na komutata (silinda ya shaba inayopokea umeme kutoka kwenye brashi) zinagusana, na gia ikiwa nzito cheche zinaongezeka, komutata inakuwa nyeusi, mgusano unaharibika, joto linapanda. Ukifungua ukakuta weusi mkavu na harufu ya mkaa, mota imeshakueleza.

Gari langu sasa lina mota mpya, ya kV ile ile. Nilianza na pinioni ya 16, nikapanda 17, nikapanda 18. Juzi niliweka 19. Nilichokiona kwenye kona ndicho kilichonifurahisha: gari linatoka kwenye kona kwa kishindo ambacho ile pinioni ya 24 haikuwahi kunipa, kwa sababu mota inafika haraka kwenye mizunguko inayoipenda na kubaki huko. Mzunguko mmoja wa uwanja umepungua sekunde nzima ukilinganisha na siku ile ya harufu. Gari lenye gia ya kilomita 40 linalipita lile lenye gia ya kilomita 50, kwenye nyasi zile zile.

Kwenye daftari nimeandika: pinioni 19, gia kubwa 72, nyasi kavu, nje nyuzi 27, mota 66 mara tu niliposimama, 69 baada ya dakika mbili, betri vuguvugu. Pinioni ya 20 iko kwenye kopo lake pembeni, bado ina mafuta ya kiwandani. Nimeamua ikae humo hadi msimu wa baridi.